Pesa inalala wapi? Kongo na Kenya, tangu 1979 mpaka leo



Katika mikutano yetu na familia zilizokimbia Masisi na Rutshuru, swali moja linarudi mara nyingi kuliko yote, na halihusu chakula wala mahema. Mtu ana ndugu Nairobi, au ana shemeji katika kambi ya Kakuma kule kaskazini mwa Kenya. Ndugu huyo anamweleza kwamba hatembei na pesa. Analipa kila kitu kwa simu, kuanzia unga na nauli mpaka karo ya watoto. Yeye mkimbizi wa hapa pesa yake ameishona katika pindo la kitenge, na njiani imechukuliwa kwenye kizuizi. Anatuuliza: Wakenya walifanya nini ambacho sisi hatukufanya? Je, ni akili? Ni utajiri? Au sisi tumelaaniwa?

Tuliahidi kulijibu katika gazeti hili. Jibu ni refu kidogo, kwa sababu mtu akitazama hali ya leo tu ataona Kenya iko mbele na hataelewa kitu. Inafaa kurudi nyuma.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Tunapozungumza hapa juu ya vyombo vya fedha, hatusemi benki kubwa zenye vioo peke yake. Tunasema pia koperative za akiba na mikopo ambazo sisi tunaziita COOPEC na Wakenya wanaziita SACCO, pesa ya simu, na mashirika ya mikopo midogo. Likelemba, MUSO na AVEC zetu, kama chama cha Wakenya, ni kitu kingine. Ni vyombo vya watu wenyewe, havina ofisi wala kibali cha Benki Kuu, na tutavirudia baadaye kwa sababu ndivyo vinavyobeba wengi wetu.

Jinsi imani ilivyovunjika

Wazee wetu wanakumbuka Desemba 1979. Siku ya Noeli serikali ya Zaire ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na za zaire 10 hazina thamani tena. Mipaka ilifungwa, watu wakapewa siku chache tu za kubadilisha, tena kwa kiwango chenye kikomo. Aliyekuwa mbali na mji, aliyeuza kahawa au ng'ombe na kuweka noti ndani ya nyumba, alibaki na karatasi. Serikali ilisema inapambana na walanguzi. Lakini mlanguzi mkubwa alikuwa na marafiki katika benki, mkulima wa Walikale hakuwa nao.

Kisha yakaja ya miaka ya 1990. Mwaka 1990 na 1991 huko Kinshasa watu walitia pesa katika michezo ya kuzalisha pesa, maarufu zaidi ukiitwa Bindo. Mtu anaweka kiasi, anaahidiwa kurudishiwa maradufu baada ya wiki chache. Wa kwanza walilipwa kwa pesa ya waliofuata, na waliofuata hawakulipwa na yeyote. Septemba 1991 askari wasiolipwa mshahara walianza uporaji, na Januari 1993 ukarudi tena. Huo wa pili ulitokana na noti yenyewe: askari walilipwa kwa noti mpya ya zaire milioni 5, wafanya biashara wakaikataa. Askari mwenye bunduki na noti isiyonunua kitu, mnajua anachofanya.

Oktoba 1993 ikaja zaire mpya, moja ikiwa sawa na zaire milioni 3 za zamani. Kasai waliikataa, wakaendelea na noti za zamani kwa miaka kadhaa. Mwaka 1994 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 9,000. Maana yake kwa lugha ya jikoni: pesa ya kununua gunia zima la maharage mwanzoni mwa mwaka ilinunua sehemu ndogo sana tu ya gunia hilo mwishoni. Aliyekuwa na akiba benki hakuibiwa na mwizi, lakini akiba yake ilikwisha. Franka ya Kongo ilizaliwa tarehe 30 Juni 1998, dolari moja ikiwa chini ya franka 2. Wiki tano baadaye vita vya pili vilianza. Mwaka 2024 dolari hiyo hiyo ilizidi franka 2,800.

Tumedumu hapa kwa makusudi. Watu wa mashirika wanapokuja na kusema kwamba wakulima wetu hawana utamaduni wa kuweka akiba, hatukubaliani nao. Utamaduni upo: ng'ombe ni akiba, mbuzi ni akiba, vitenge vilivyokunjwa sandukuni ni akiba. Watu hawa walijifunza kwa gharama kubwa kwamba karatasi inaweza kufa usiku mmoja, lakini mbuzi huzaa.

Na Kenya je? Tusidhani kwamba kule mambo yalikuwa mazuri siku zote. Benki ndogo nyingi zilianguka huko mwaka 1986 na tena 1993. Katika kashfa ya Goldenberg, mwanzoni mwa miaka ya 1990, pesa nyingi za serikali zilitoka kama malipo ya dhahabu ambayo haikuwepo. Mwaka 1993 bei zilipanda kwa karibu nusu. Ni jambo zito, lakini nusu si asilimia 9,000. Shilingi ya Kenya iliyoanza 1966 ndiyo ileile iliyopo leo, haijabadilishwa jina wala kukatwa sifuri. Wakulima wao wa kahawa, chai na maziwa walikuwa na koperative zilizowalipa kupitia akaunti, na Benki ya Koperative ilianza kazi mwaka 1968. Kila mtu mzima alipewa kitambulisho cha taifa, ingawa watu wa mipakani walisumbuliwa na bado wanalalamika.

Hata hivyo, mpaka 2006 benki za Kenya zilikuwa za wachache. Uchunguzi uliofanywa nchini humo mwaka huo ulionyesha kwamba katika watu wazima 100, kama 27 tu walitumia chombo rasmi cha fedha. Benki nyingi zilidai kiasi kikubwa cha kufungulia akaunti na zilifunga matawi ya vijijini. Kwa hiyo anayewaambia kwamba Wakenya walizaliwa na benki mfukoni, mjibuni kwamba miaka ishirini iliyopita wengi wao walikuwa wakituma pesa nyumbani kwa dereva wa basi, kama sisi.

Simu ya mwaka 2007

Machi 2007 kampuni ya simu ya Safaricom ilianzisha M-Pesa. Wazo ni jepesi. Unampa mtu wa dukani noti, yeye anakutilia kiasi hicho katika simu, unakituma kwa mama yako kijijini, naye anakwenda kwa mwenye duka wa kwao na kupewa noti. Noti zenyewe hazisafiri. Pesa yote iliyomo katika simu za watu inawekwa benki katika akaunti ya amana, kampuni hairuhusiwi kuifanyia biashara yake. Kabla ya mwaka huo kwisha watu zaidi ya milioni moja walikuwa wamejiandikisha.

Kwa nini ilishika kule haraka hivyo? Tunaona sababu nne, na mtatusamehe tukizitaja haraka. Kampuni moja ilikuwa na wateja wengi kuliko zote, hivyo mtumaji na mpokeaji walikuwa katika mtandao mmoja. Benki Kuu yao iliruhusu kitu kijaribiwe kwanza chini ya macho yake, badala ya kukizuia mpaka sheria itimie. Vitambulisho vilikuwepo. Na noti iliyotoka kwa ajenti wa Nairobi ilikuwa ileile ya Kisumu au Garissa, hakuna aliyeuliza kama ni franka au dolari, kama ina tundu au haina.

Sababu ya tano hatukuifikiria mpaka tulipozungumza na wenzetu wa Kenya: ni vurugu. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 nchi iliwaka. Watu zaidi ya 1,100 walikufa, na kama 600,000 walikimbia makwao, wengi kutoka Bonde la Ufa. Barabara zilifungwa, maduka na benki zikafungwa. Wakati ule watu waliokwama katika mitaa ya Nairobi na walioko katika viwanja vya wakimbizi walitumiwa na ndugu zao pesa na vocha kwa simu. Chombo kilichokuwa na umri wa miezi kumi kikapita penye vizuizi ambavyo binadamu hakuweza kupita. Wengi walikiamini tangu siku hizo.

Wakimbizi wale wa ndani wa Kenya waliahidiwa na serikali yao shilingi 10,000 kwa familia za kuanzia maisha, na shilingi 25,000 kwa waliochomewa nyumba. Baadhi walipata. Wengine walilalamika kwa miaka kwamba majina yao hayakuwemo katika orodha, na kwamba watu ambao hawakukimbia kamwe ndio waliolipwa. Mkiona mfano huo unafanana na ya hapa kwetu, hamkosei. Simu hupeleka pesa kwa jina lililoandikwa, lakini haijui kama jina hilo ni la haki. Orodha bado huandikwa na binadamu.

Kongo inaanza upya

Kongo tulianza kujenga upya mwaka 2002, pale sheria mpya za mabenki na za koperative za akiba zilipotoka. Mwaka huo huo, Januari, lava ya Nyiragongo ilifunika katikati ya mji wa Goma, maduka na benki pamoja, hivyo sisi wa huku tulianza upya kweli kweli. Koperative za akiba za Kivu ziliongezeka, na ni lazima tuseme ukweli, baadhi yake zilianguka na akiba za walimu na wachuuzi ndani yake. Tunawajua watu ambao mpaka leo wanahifadhi vitabu vyao vya akiba vya koperative iliyofunga milango.

Mwaka 2011 serikali ilianza kulipa watumishi wake kwa benki badala ya mifuko ya noti. Kwa mwalimu wa mjini yalikuwa maendeleo. Kwa mwalimu wa kijiji kisicho na benki ilikuwa safari ya siku mbili kwenda kuchukua mshahara, na nusu yake kuliwa njiani. Ndiyo maana katika sehemu nyingine iliitwa Caritas kusaidia kupeleka malipo. Mwishoni mwa 2011 Benki Kuu ya Kongo ilitoa kanuni za pesa ya simu, na mwaka 2012 kampuni za simu zikaanza. M-Pesa ya Vodacom ilifika Novemba ya mwaka huo. Ni jina lilelile la Kenya, lakini miaka mitano na nusu baadaye.

Benki ya Dunia imefanya hesabu ya nchi zote kwa kuuliza watu wa miaka 15 na zaidi kama wana akaunti. Mwaka 2011, kati ya Wakongo 100, wasiofika 4 walikuwa nayo. Kenya walikuwa 42. Hesabu hiyo ya kwanza iliangalia vyombo vyenye ofisi. Zilizofuata ziliingiza pia simu. Mwaka 2014 Kongo ilifika 17, Kenya 75. Mwaka 2017 Kongo 26, Kenya 82. Uchunguzi wa Wakenya wenyewe wa mwaka 2024 ulihesabu karibu 85 wanaotumia chombo rasmi.

Zitazameni namba hizo vizuri. Wengi husoma tu kwamba Kenya ni 82 na sisi 26. Lakini katika miaka sita Kongo ilitoka 4 kwenda 26, yaani karibu mara saba, katika nchi yenye barabara hizi na vita hivi. Na ndani ya 82 za Kenya kuna Turkana na Pokot Magharibi ambako hali iko chini sana kuliko Nairobi, kama hapa Beni vijijini ilivyo mbali na Kinshasa. Nchi si kitu kimoja. Mkimbizi wa Kikongo aliyeko Kakuma mwenyewe hakuwa na njia rahisi: wengi walitumia laini ya simu iliyoandikishwa kwa jina la Mkenya rafiki, na rafiki akikosana nao, pesa imekwenda. Tangu 2015 Shirika la Chakula Duniani liliwapa huko msaada kwa simu uitwao Bamba Chakula, ambao ulinunua chakula tu katika maduka yaliyochaguliwa. Ni hatua, lakini si sawa na pesa yako mwenyewe.

Kuna na upande ambao ndugu yenu wa Nairobi hasemi. Tangu 2012 simu ya Kenya inatoa pia mikopo, na baadaye programu nyingi za mikopo zikaingia. Mtu anakopa usiku akiwa kitandani, bila kumuuliza mkewe, bila kikundi. Wengi walikopa hapa kulipa pale, wengine wakacheza kamari, na majina yao yakaandikwa katika orodha ya wasiolipa. Wakopeshaji wengine waliwapigia simu wakwe na mabosi wa mdeni ili kumwaibisha, mpaka sheria ikatungwa mwishoni mwa 2021 kuwadhibiti. Milango ya pesa ikifunguka, deni nalo hupita humo humo.

Mwanamke na akaunti

Tofauti moja hatutaki ipite haraka. Kwa sheria ya familia ya Zaire ya mwaka 1987, mke aliyeolewa alihitaji ruhusa ya mumewe kwa kila tendo la kisheria lililomfunga, na benki zilidai ruhusa hiyo kabla ya kumfungulia akaunti. Kifungu hicho kilidumu mpaka sheria ya Julai 2016 ilipoiondoa ruhusa hiyo. Maana yake, tangu 2016 mama yeyote mwenye kitambulisho anaweza kufungua akaunti yake bila barua ya baba. Bado tunakutana na wakuu wa kartiye, na hata wafanyakazi wa madirishani, wasiojua hivyo. Mama akiombwa barua ya mume, ajibu kwamba sheria ilibadilika 2016. Tunalisema hasa kwa wajane na kwa akina mama ambao waume zao hawajulikani walipo tangu mapigano. Hao ndio waliokuwa wakizuiwa zaidi: mume hayupo kutia sahihi, na hakuna cheti cha kifo.

Kitambulisho chenyewe ni shida nyingine. Mkenya anatoa kadi ya taifa. Kwetu, kwa miaka mingi kadi ya mpiga kura ndiyo iliyofanya kazi hiyo. Lakini uchaguzi wa Desemba 2023 haukufanyika Masisi na Rutshuru, kwa sababu ya vita. Kwa hiyo familia zilizopoteza kadi za zamani katika kukimbia ndizo zilizokosa kadi mpya. Aliyepoteza nyumba akapoteza na jina lake mbele ya benki.

Benki za Kenya zikaja kwetu, na bado zikafungwa

Wengine wanasema tukileta benki za Kenya mambo yatanyooka. Ndugu, zilikuja. Equity ya Nairobi ilinunua ProCredit ya Kongo mwaka 2015, na mwaka 2020 ikanunua BCDC, benki kongwe iliyoanza 1909. Desemba 2022 KCB nayo ikanunua TMB. Mwaka huo huo Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo mtu wa Goma na mtu wa Nakuru wanaweza kuwa wateja wa kampuni ileile.

Tarehe 27 Januari 2025 Goma iliingia mikononi mwa AFC/M23, na Februari Bukavu. Benki zikafunga milango, za Kenya na zisizo za Kenya, kwa sababu tawi la benki haliwezi kuishi bila Benki Kuu inayolipa noti na kulinda hesabu. Kambi zilizozunguka Goma zilibomolewa mwezi huo wa Februari, familia zikaambiwa zirudi vijijini au zitafute pa kwenda. Fikirini mambo hayo mawili kwa pamoja: watu wanahamishwa upya, na wakati uleule mlango wa pesa umefungwa. Walioweza walivuka mpaka kwenda Gisenyi kutoa pesa zao. Mwezi wa nne wenye kutawala mji walifungua tena ofisi ya CADECO, kasha la akiba lililoanza tangu 1950. Wengine waliingia, wengi walisimama mbali wakitazama.

Simu hazikuzimika kama benki. Lakini hapa tueleze jambo linalosababisha ugomvi mwingi. Watu wengi walituambia kwamba wenye kabini ni wezi, kwa kuwa walipandisha ada ya kutoa pesa. Mwenye kabini ana mifuko miwili: mmoja wa noti, mwingine wa pesa iliyo ndani ya simu. Wakati wa amani, noti zikimwishia anapeleka pesa ya simu benki na kupewa noti. Benki ikifungwa, kila mtu anakuja kutoa na hakuna anayekuja kuweka. Noti zinakwisha. Atazitafuta kwa wafanya biashara au ng'ambo ya mpaka, nao watamdai faida. Ada inapanda. Wapo waliotumia nafasi hiyo vibaya, hatukatai, lakini kabini isiyo na noti ni mwavuli tu. Wakuu wanaoamua kesi hizi wangeuliza kwanza: siku hiyo noti zilitoka wapi, na kwa bei gani? Katika kartiye mbili tulizofuatilia, swali hilo peke yake lilituliza watu waliokuwa tayari kuvunja kabini.

Sanduku lenye kufuli tatu

Turudi sasa kwa vikundi vya watu wenyewe. Tunajua mnavyofanya: AVEC ina sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, sanduku kwa mtu wa nne. MUSO ina kasha la kijani la akiba na mikopo, kasha jekundu la kusaidiana katika msiba na ugonjwa, na la bleu la pesa inayotoka nje. Ni mpango mzuri. Lakini ulitengenezwa kwa watu wanaolala kijiji kimoja.

Kikundi kimoja tulichokisindikiza kilikuwa na akina mama wa kambini na akina mama wenyeji wa kartiye ya jirani, na ndicho tulichojivunia: makabila tofauti, sanduku moja. Januari 2025 risasi zilipokaribia, kila mtu alikimbia. Ufunguo mmoja ulikwenda Minova, mwingine Idjwi, wa tatu hatukujua. Aliyetunza sanduku alilivunja usiku, akafunga noti tumboni na kuondoka na watoto. Aliporudi wiki sita baadaye, pesa ilipungua. Sehemu alilipa kwenye mashua, sehemu alinyang'anywa. Kabla hajamaliza kueleza, ilikuwa imeshakwisha kusemwa kwamba watu wa kabila lake ndivyo walivyo. Kesi ya sanduku ikawa kesi ya kabila ndani ya siku tatu.

Hatukuwa na hekima kubwa. Tuliwaomba wazee wa pande zote mbili waketi, na tukaanza na hesabu badala ya lawama. Daftari lilikuwa limeungua. Bahati njema kikundi kilikuwa na desturi ambayo wengine huiona ya kitoto: mwisho wa kila mkutano wote hurudia kwa sauti kiasi kilichobaki ndani. Akina mama kumi na mmoja, kila mmoja akiulizwa peke yake, walitaja kiasi kilekile. Wazee wakakubali kilichonyang'anywa kihesabiwe kuwa hasara ya wote, na kilicholipwa mashua kiwe deni lake, alilipe kidogo kidogo. Wanachama wanne walikataa na kutoka. Wengine wapo hadi leo. Hatuwezi kusema kwamba imani imerudi yote.

Tangu hapo tunashauri vikundi vya wakimbizi vifanye tofauti na kitabu cha mafunzo. Mzunguko uwe wa miezi mitatu au minne, si mwaka, ili pesa igawanywe kabla haijawa nyingi. Usiku wa hatari, wenye funguo wakikutana hata watatu tu, wagawanye papo hapo na kila mtu akimbie na chake. Kikundi kikiweka sehemu katika simu, laini iandikishwe kwa jina la mwanachama ambaye wote wanamjua, namba ya siri igawanywe kwa wawili, mmoja tarakimu za kwanza na mwingine za mwisho, na ujumbe wa salio usomwe mbele ya wote. Mkiwa na salio la dolari na la franka, yaandikwe mbalimbali. Ugomvi mwingi wa madaftari unatokana na kuchanganya hayo mawili wakati bei ya dolari imebadilika. Na dolari yenye tundu au iliyopasuka msiipokee katika mchango. Mnajua wenyewe, siku ya kugawana hakuna atakayeitaka.

Vikundi vinavyotaka tupitie madaftari pamoja, au vilivyopoteza daftari na vinataka kuhesabu upya kwa kumbukumbu za wanachama, watume mjumbe kwa mhamasishaji wetu wa kartiye siku ya mkutano wao. Waje na wenye funguo wote waliopo, na majina ya wale ambao hawajaonekana tangu Januari ile.